Kitufe cha X Kilivyohamahama

Mtoto wa Garissa hujifunza kusoma kwa njia mbili. Kwenye duksi, yaani chuo cha Kurani, hushika loox, ubao ulioandikwa kwa wino wa mkaa, na macho yake hutoka kulia kwenda kushoto. Akifika shuleni hufungua kitabu cha Kiswahili, na safari inageuka. Hata Kisomali cha nyumbani kiliwahi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zile za Kilatini zilirasimishwa Mogadishu Oktoba 1972. Aliyelelewa hivyo akiketi mbele ya laptopu ana haki ya kuuliza jambo ambalo wengine hawalifikirii: nani aliamua kwamba kitufe cha kufunga dirisha kikae kulia?

Hakikuanzia huko. Madirisha ya kompyuta yalibuniwa miaka ya 1970 kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Macintosh ya Apple ilipotoka Januari 1984, kiboksi cha kufungia kilikuwa kona ya kushoto. Windows 3.1 ya mwaka 1992 nayo ilikuwa na kisanduku kushoto, ukikibofya mara mbili dirisha linafungika. Kulia kulikuwa na vishale viwili tu, vya kupunguza na kukuza. Ni Windows 95, iliyoanza kuuzwa tarehe 24 Agosti 1995, iliyopachika X kulia kabisa, ubavuni mwa kitufe cha kukuza. Ujirani mbaya, kwa maoni yangu: mkono ukiteleza kidogo, dirisha ulilotaka kulitanua limeshaondoka. Lakini kompyuta nyingi za maofisini na za saiba zilikuwa za Windows, na vidole vikazoea.

Kampuni hiyohiyo ya Windows ilipowatengenezea wasomaji wa Kiarabu toleo lao, ilipindua sura nzima. Katika Windows 2000 ya Kiarabu, menyu ya Start ilikaa kulia na X ikahamia kushoto. Hapo ndipo hoja ya kwamba kulia ni mahali pake pa asili inapoanguka.

Ugomvi mkubwa zaidi ulizuka mwaka 2010. Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyeanzisha mfumo wa kompyuta uitwao Ubuntu, alihamishia vitufe vyote vitatu kushoto katika toleo la 10.04. Watumiaji walipiga kelele. Naye akajibu kwamba mambo ya sura ya programu hayaamuliwi kwa kura. Vikakaa kushoto miaka saba na ushei, hadi toleo la 17.10 la Oktoba 2017 lilipohamia mazingira ya GNOME na kuvirudisha kulia.

Tofauti na Windows ni kwamba kwenye Ubuntu neno la mwisho si la Shuttleworth. Mpangilio wa vitufe umeandikwa katika mstari mmoja wenye nukta mbili: vilivyotajwa kabla ya nukta hizo hukaa kushoto, vilivyotajwa baada yake hukaa kulia. Anayesoma fiqhi kwa Kiarabu, ambacho maandishi yake huanzia kulia, anaweza kukipeleka cha kufunga upande wa pili na kuviacha vya kupunguza na kukuza vilipo, ule ujirani wa 1995 ukavunjika. Windows haitoi ruhusa hiyo bila programu ya nje. Ilichotoa, tangu Windows 7 ya mwaka 2009, ni njia ya mkato: kitufe chenye nembo yake pamoja na mshale wa kulia hubandika kitabu cha fiqhi nusu ya kulia ya skrini, mshale wa kushoto hubandika daftari la Kiswahili nusu iliyobaki, na mausi haiguswi.