UZI: Digrii ya biashara inalipa? Anza na historia ya deni lake

1/ Kila msimu wa siasa mjadala huu unarudi. Mmoja anasema, "Vijana wanakopeshwa mamilioni kusomea kozi zisizo na kazi." Mwingine anajibu, "Rudisheni elimu ya bure kama zamani." Sitataja chama wala mtu. Nataka tuangalie deni lenyewe lilitoka wapi, na nani amekuwa akilibeba.

2/ Nasoma sayansi ya siasa, kwetu ni Kiirua, Meru. Binamu yangu ameitwa chuo kusomea biashara, ile tunaita BCom. Baba mdogo ana shamba la viazi na anafikiria kukodisha nusu yake kwa miaka minne ili apate sehemu yake ya karo. Aliniuliza, "Wewe unasoma mambo ya serikali. Hii digrii itarudisha pesa au nitabaki bila viazi na bila pesa?"

3/ Swali la haki kabisa. Na wazee wake walijiuliza kitu kama hicho. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wapande kahawa kwa majaribio Meru, Embu na Kisii. Walowezi hawakutaka ushindani. Huko Imenti kahawa ndiyo ilikuja kulipa karo za watoto wengi. Kwa hivyo shamba kusomesha mtoto si habari mpya kwetu.

4/ Mkopo wa chuo nao ni wa zamani kuliko uhuru. 1952 wakoloni walianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokuwa wanasoma nje ya Afrika Mashariki: Uingereza, Marekani, India na kwingineko. Baada ya uhuru mfuko huo ukawekwa kando. Serikali ikaanza kulipia wanafunzi yenyewe.

5/ Hapa ndipo watu husema "zamani ilikuwa bure". Ni kweli, lakini bure hiyo ilikuwa na mpango wake. Nchi ilihitaji watu wa kujaza ofisi zilizoachwa na wageni. Serikali ilikulipia masomo kwa sababu serikali hiyo hiyo ilikuwa inakungojea na kazi. Wenye digrii walikuwa wachache. Aliyesomea biashara wakati huo alikuwa anatafutwa na wizara, benki na mashirika ya umma.

6/ Wanafunzi wakaongezeka, pesa zikapungua. Mwaka wa fedha wa 1974/75 ukaja mpango wa mikopo chini ya Wizara ya Elimu, kwa Wakenya waliosoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Shida ni kwamba haukuwa na sheria ya kudai pesa. Wengi wakaichukulia kama zawadi. Wengine hawakurudisha hata senti.

7/ 1990 kundi la kwanza la 8-4-4 likaingia vyuo vikuu. 1991 serikali, ikibanwa na wakopeshaji wa nje, ikaleta kugawana gharama. Zile pesa za matumizi ambazo wazee wetu waliziita boom zikakatwa. Wanafunzi wakaandamana, vyuo vikafungwa. Tangu hapo mzazi amekuwa kwenye hesabu rasmi.

8/ Julai 1995 Bunge likaunda HELB. Hii ndiyo ilipata meno. Mwajiri analazimika kukata mkopo kwenye mshahara. Deni linaanza kudaiwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, au muda ambao bodi itaamua. Riba ya mkopo wa digrii ya kwanza ni 4% kwa mwaka. Ukikosa kulipa, faini haipungui Sh5,000 kwa kila makato yaliyorukwa.

9/ Shikilia hicho kipengele cha mwaka mmoja. Sheria ilihesabu kuanzia siku ya kumaliza masomo. Haikuhesabu kuanzia siku ya kupata kazi. 1995 tayari hizo siku mbili zilikuwa zimeanza kuachana, na leo zimeachana sana.

10/ 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, wale walioitwa wa parallel. Vyuo vingine vikafuata. Kozi za biashara zilifaa sana mpango huu. Hazihitaji maabara, hazihitaji wodi. Ukumbi, mhadhiri na ubao vinatosha, hata jioni, hata kwenye jengo la kukodi katikati ya mji. Vyuo vikaishi kwa pesa hizo, na BCom zikawa nyingi.

11/ Halafu 2016 usimamizi wa mtihani ukakazwa. Waliopata C+ kwenda juu wakashuka kutoka kama 169,000 mwaka wa 2015 hadi kama 89,000. Karibu wote wakapata nafasi za kulipiwa na serikali, nyingine hata kwenye vyuo vya kibinafsi. Parallel ikakauka. Vyuo vikabaki na madeni.

12/ Mfumo wa 2023 ulizaliwa kwenye shimo hilo. Kwa miaka mingi karo ya mwanafunzi wa serikali ilikuwa Sh16,000 kwa mwaka, na mkopo wa juu kabisa wa HELB Sh60,000. Mfumo mpya ukasema gharama ya kozi igawanywe mara tatu: ufadhili, mkopo na sehemu ya familia, kulingana na kundi ulilowekwa, yaani bendi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo.

13/ Sasa hesabu. Tuseme BCom ni Sh200,000 kwa mwaka, nimechagua namba rahisi. Bendi ya 3 kulingana na mgao uliotangazwa: ufadhili 50%, mkopo 30%, familia 20%. Kwa hivyo mkopo wa karo ni Sh60,000, familia Sh40,000. Ongeza mkopo wa matumizi Sh50,000. Deni la mwaka ni Sh110,000. Miaka minne: Sh440,000.

14/ Linganisha na mfumo wa zamani. Hata ukipata mkopo wa juu kabisa miaka yote minne ulikuwa unatoka na Sh240,000. Kwa mfano wetu, deni limekaribia kuwa mara mbili, na baba mdogo bado anatafuta Sh160,000 zake pembeni.

15/ Lipa hizo Sh440,000 kwa miaka 10 kwa riba ya 4%. Ni kama Sh4,450 kwa mwezi, na sijahesabu riba ya miaka ya masomo. Ukipata mshahara wa Sh60,000, hiyo ni kama 7%. Haiumi sana. Ukipata Sh25,000, ni karibu 18%, kabla ya nyumba na nauli. Ukikosa kazi, bado ni Sh4,450, na faini inanyemelea.

16/ Na BCom ina gharama ambayo majukwaani haitajwi. Waajiri wengi wa uhasibu wanataka pia CPA, mitihani ya KASNEB. Ada za mitihani hiyo ni juu yako. Kwa hivyo digrii inakufikisha mlangoni, halafu unalipia tena ufunguo.

17/ Kwa hivyo inalipa? Kwa atakayepata kazi rasmi, mara nyingi ndiyo, na 4% ni nafuu kuliko mkopo wowote wa benki. Shida iko kwa yule ambaye kazi itachelewa miaka mitatu. Hapo ndipo historia inasema kitu. Kwanza hatari ya kukosa kazi ilikuwa ya serikali, kwa sababu ndiyo iliajiri. Ikasogezwa kwa mzazi. Sasa sehemu kubwa imewekwa kwa kijana wa miaka 23.

18/ Si lazima iwe hivyo. Australia ilianza 1989 mpango ambapo unalipa tu kipato chako kikivuka kiwango fulani. Tanzania, tangu sheria ibadilishwe 2016, aliyeajiriwa anakatwa 15% ya mshahara wa msingi. Ni mzito, watu wamelalamika, lakini makato yanafuata mshahara. 2021 wakafuta ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo. Hapa kwetu ilibidi Mahakama Kuu iseme, 2022, kwamba riba na faini za HELB zisizidi mkopo wenyewe.

19/ Baba mdogo nilimwambia hivi: usikodishe nusu ya shamba kwa miaka minne. Kodisha kipande kidogo, msimu kwa msimu, ili bei ya viazi ikipanda uwe bado ndani. Na huyu kijana aanze CPA akiwa mwaka wa pili, asingoje kumaliza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na asipopata kazi?" Hapo sikuwa na ushauri wa shamba. Hilo ni swali la sheria.

20/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na kuahidi "elimu ya bure" au kucheka "digrii zisizo na kazi", muulize matatu. Malipo yataanza lini, baada ya kuhitimu au baada ya kupata kipato? Faini inafanya nini kwa asiye na kazi? Ufadhili ukichelewa kufika chuoni, nani anafungiwa mtihani? Akijibu kwa namba, msikilize. Akikuletea nyimbo, unajua la kufanya.

Kama uko kwenye bendi tofauti, nipe namba zako hapa chini tufanye hesabu pamoja.