Idadi Iondoke Kwenye Jina

Wataalamu wa maendeleo wana herufi tatu wanazozipenda, PHE. Ni jina la mkabala unaopeleka huduma za afya ya uzazi, elimu na utunzaji wa mazingira kwa jamii moja kwa pamoja, badala ya kila idara kuja na gari lake, siku yake na mkutano wake. Tafsiri iliyozoeleka ni "Idadi ya Watu, Afya na Mazingira". Ni tafsiri aminifu, neno kwa neno, na hapo ndipo ninapogombana nayo. Neno la kwanza hutangaza chanzo cha tatizo kabla mtu hajauliza tatizo ni lipi. Anayelisikia katika baraza la chifu huko Nyatike, kaunti ya Migori, au Rachuonyo, kaunti ya Homa Bay, huelewa mara moja: wageni wamekuja kutuhesabu, na wamekwisha kuamua kwamba tumezidi.

Mkabala wenyewe una historia nzuri kuliko jina lake. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE huko Kigoma kwa nia ya kuokoa misitu iliyozunguka makazi ya sokwe wa Gombe; wanavijiji walitanguliza afya na maji, na mradi ukalazimika kuwasikiliza. Kuanzia 2011, shirika la Pathfinder lilileta fikra hiyo kwenye bonde la Ziwa Victoria, Homa Bay kwa upande wa Kenya, Wakiso na Mayuge kwa upande wa Uganda, likishirikiana hapa kwetu na Osienala, shirika la marafiki wa ziwa. Wahudumu wa afya wa kujitolea walizungumzia miti na majiko yasiyokula kuni nyingi. Vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU tu, vilizungumzia uzazi wa mpango. Kaya za mfano zilionyesha yote mawili katika boma moja. Mradi huo haukujiita kwa zile herufi tatu. Jina lake la Kiingereza lilitaja afya ya watu na mazingira, na neno la idadi halikuwemo. Basi anayesema kuliondoa ni kuisaliti asili ajue kwamba wenye asili walitangulia kuliondoa.

Lakini adabu ya jina si hoja kubwa. Hoja kubwa ni ukweli: katika kaunti za Homa Bay na Migori, kinachofunga mwili wa mwanamke na mazingira yake kwa kawaida si idadi ya watoto wake. Tazama ufuo. Wavuvi ni wanaume kwa sehemu kubwa, na wachuuzi wengi ni wanawake. Samaki walipopungua na wanunuzi wakabaki walewale, mazoea ya jaboya yalishika mizizi: mvuvi humpa mchuuzi nafasi ya kwanza ya kununua kwa sharti la ngono. Neno hilo halikuletwa na mfadhili. Ndani yake mna ziwa lililochoka, biashara, mimba isiyotarajiwa na virusi vya UKIMWI, kwa pamoja, na hata mwanamke asiye na mtoto yumo. Kisha nenda Macalder, Migori, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Wanawake wengi huko huosha mchanga na kuikamata dhahabu kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hupenya kondo la nyuma na kuudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Inayomwagika hufuata mito hadi ziwani na kuingia katika samaki. Mwanamke huyo akizaa mara mbili au mara nane, zebaki ni ileile. Istilahi inayoanza na idadi ya watu haina pa kumweka.

Nitaambiwa: idadi si porojo. Ni kweli. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori, na shamba lililogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, halipati nafasi ya kupumzika. Ila angalia jinsi idadi inavyobadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto wapatao wanane. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata wastani wa 3.4. Huduma zilisogea karibu, wasichana wakakaa shuleni zaidi, na wenyewe wakaamua. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata mimba ni asilimia 15 kitaifa lakini 23 katika kila mojawapo ya kaunti hizi mbili, na kwamba kati ya wasichana wasiosoma kabisa kiwango kilikaribia 4 kati ya 10. Idadi basi ni tokeo la uamuzi na elimu. Dunia ilikwisha kukubali hivyo katika mkutano wa Cairo wa 1994, ulioweka haki za mtu mbele ya malengo ya takwimu, baada ya aibu kama ile ya India ya miaka ya 1975 hadi 1977, watu walipofungwa uzazi kwa shuruti. Tena, haki itendeke, ziwa halikuchoshwa na wingi wa watoto peke yake: mbuta, samaki mgeni mla samaki wenzake, alipandikizwa ziwani wakati wa ukoloni, na maji machafu ya miji hayatoki tumboni mwa mama wa Mbita.

Tuweke nini badala yake? Wengine hupendekeza "masuala mtambuka", msemo unaopendwa sana maofisini. Mimi siupendi. Jambo mtambuka hukatiza meza zote bila kukaa kwenye hata moja. "Jumuishi" nalo hukusanya tu. Vitu vinaweza kujumuishwa gunia moja visigusane. Nachagua "unganifu", kwa kuwa linadai kiungo kionyeshwe: mkabala unganifu wa afya ya uzazi na mazingira. Nimesema mazingira badala ya uhifadhi kwa makusudi. Kwa mkazi wa bonde la Lambwe, uhifadhi ni Mbuga ya Ruma, korongo wake na uzio wake, yaani kitu cha serikali kilicho ng'ambo ya waya. Mazingira ni pamoja na kisima na jiko. Tatizo limebaki kwenye "uzazi". Mzazi ni baba au mama, na pia ni mwanamke aliyetoka kujifungua, kwa hiyo msichana wa Gredi ya Nane aweza kuisikia afya ya uzazi akadhani ni habari ya wodi ya kujifungulia, na kijana wa kiume akadhani haimhusu kabisa. Sina neno bora. Kazi hiyo itabidi ifanywe na maelezo.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la watekelezaji. Wanasema kuunganisha ni kumtwika mtu mmoja mizigo ya idara tatu, na hawajakosea. Mhamasishaji wa afya ya jamii, ambaye tangu 2023 anatarajiwa kulipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu na kaunti na nusu na serikali kuu, hawezi pia kuwa bwana miti na bwana samaki kwa posho hiyohiyo. Katiba ya 2010 iliweka haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42 na haki ya afya, ikiwemo ya uzazi, katika cha 43, ubavu kwa ubavu. Jedwali la Nne likazitenga: huduma za afya kwa kaunti, ulinzi wa mazingira kwa serikali kuu hasa, na uvuvi kwa zote mbili. Kwa hiyo muungano unaodaiwa na jina hili ni wa bajeti kwanza. Chukua kipindi cha Aprili hadi Julai, ambapo kanuni husimamisha uvuvi wa omena ili wazaliane. Ofisi ya samaki huhesabu nyavu zilizokamatwa. Ofisi ya afya huhesabu sindano na vidonge vilivyotolewa. Mkabala unganifu ungezilazimu ofisi hizo mbili kuulizana mchuuzi wa omena anakula nini kwa miezi hiyo minne, na anamtegemea nani.