Kete za Wahusika: Kutoka Risasi hadi Pikseli

Kete ya kidijitali inayosimama badala ya mhusika katika michezo ya kuigiza ya mezani ni picha ndogo, aghalabu ya duara, yenye fremu pembeni na kivuli chini yake. Asili yake ni jeshini. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alichapisha kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8,000. Vikosi vilikuwa vipande vya risasi, vyekundu kwa upande mmoja na vya buluu kwa mwingine, vikiwa na alama za kutofautisha askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga. Kila kipande kilitwaa ramani kadiri ya eneo ambalo kikosi chenyewe kingetwaa uwanjani.

Sura ya mtu mmoja ilikuja baadaye sana. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, ulimpa kila mchezaji mhusika mmoja wa kumwongoza. Vinyago vya kumwonyesha havikupatikana kirahisi, hata Gygax akatumia wanyama wa plastiki wa bei ya chini waliotengenezwa Hong Kong. Mmoja wao ndiye aliyezaa zimwi maarufu linalogeuza chuma kuwa kutu. Punde viwanda vya sanamu ndogo za madini vikashika soko, Ral Partha huko Marekani na Citadel huko Uingereza. Sanamu zilipendeza, ila ziligharimu, zilikuwa nzito, na kuzipaka rangi kulikula saa nyingi. Kampuni ya Steve Jackson Games ikaanza kuuza wahusika waliochorwa kwenye kadibodi.

Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, liliimarisha kipimo ambacho kete za leo bado zinakifuata: mraba wa inchi 1 mezani ni futi 5 katika hadithi. Binadamu hukaa kwenye mraba mmoja, kiumbe kikubwa kwenye minne. Programu za kuchezea kwenye kompyuta zilirithi miraba hiyohiyo: Fantasy Grounds mwaka 2004, Roll20 mwaka 2012, kisha Foundry mwaka 2020, wakati janga la korona lilipowafungia wachezaji majumbani.

Hapo ndipo ufundi wa kete ulipobanwa. Mraba wa kawaida wa Roll20 una pikseli 70 kila upande, na mchoro wa mwili mzima ukiingizwa humo, uso haubaki. Mtengenezaji hukata kichwa na mabega tu, huacha picha iwe kubwa mara kadhaa kuliko mraba ili isififie mchezaji akiisogeza karibu, na huondoa usuli wote nje ya duara. Programu ya TokenTool, ya kundi lililotoa pia programu ya kuchezea ya MapTool, iliifanya kazi hiyo kuwa ya dakika chache. Kilichobaki kwa fundi ni umaliziaji: ukingo wa fremu uangazwe upande mmoja na kutiwa giza upande wa pili, kivuli kiangukie upande uleule kwa kete zote, na ncha ya upanga au pembe ipite juu ya fremu kana kwamba mhusika anachomoza. Kivuli kikikosa mwelekeo mmoja, ramani nzima huonekana ya kubandikwabandikwa.

Wapo wanaochora mhusika kama anavyoonekana kutoka juu, utosi na mabega, apatane na ramani. Mtindo huo ni sahihi kwa jicho la ramani, lakini unaficha uso, na wachezaji hutambuana kwa nyuso. Duara limeendelea kutumika sana. Katika toleo la 12 la Foundry, la mwaka 2024, fremu ilitenganishwa na picha: msanii huandaa mhusika peke yake, na programu humzungushia pete inayoweza kumulika rangi anapojeruhiwa.