Kitanda kilipoacha kuwa dawa ya mgongo

Katika mitaa ya Kingsbury, kaskazini magharibi mwa jiji la London, zinaishi familia nyingi za asili ya Kihindi zilizotokea Afrika Mashariki. Baadhi ziliondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Nyingine zilikuwa miongoni mwa Waasia zaidi ya 27,000 waliopokelewa Uingereza baada ya Idi Amin kuwafukuza nchini Uganda mwaka 1972. Vijana wa wakati ule, waliosimama kutwa nyuma ya kaunta za maduka ya Kisumu na Kampala, leo ni wazee.

Wengi wao hawakuzoea kukaa bure, na kwao upasuaji wa mgongo ni mtihani mgumu. Ni mtihani kwa watoto wao pia. Kwa desturi ya jamii nyingi za Afrika Mashariki, mzee aliyetoka hospitali hulazwa, huletewa chakula kitandani na hukatazwa hata kujimiminia maji. Hiyo ni heshima. Lakini historia ya tiba, ambayo sehemu yake ilitokea jirani na Kingsbury, inaonyesha kuwa heshima ya namna hiyo yaweza kumdhuru anayeheshimiwa.

Enzi ya kulala

Imani kwamba mgongo huponywa kwa kulala ilikuwa elimu ya madaktari wenyewe. Mwaka 1863 daktari mpasuaji wa London, John Hilton, alichapisha mihadhara yake iliyosifu mapumziko kuwa tiba ya maumivu na majeraha, na mafundisho hayo yakasomwa kwa vizazi.

Kituo cha tatu cha treni kutoka Kingsbury ni Stanmore, ilipo Hospitali ya Taifa ya Kifalme ya Mifupa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kabla ya dawa za kifua kikuu kupatikana, hospitali za aina hiyo ziliwalaza watoto wenye kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miezi, na wengine kwa miaka.

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walieleza jinsi gegedu lililo kati ya pingili za mgongo linavyoweza kuchomoza na kubana mshipa wa fahamu, na kwamba upasuaji ungeweza kuuondolea mbano huo. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya ugunduzi huo, aliyepasuliwa mgongo aliendelea kulazwa muda mrefu.

Onyo la mwaka 1947

Mabadiliko yalianzia kwa wazee. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, magharibi mwa London, Dokta Marjory Warren alikabidhiwa mamia ya wagonjwa wa muda mrefu, wengi wao wakiwa wazee waliokatiwa tamaa. Aliwachunguza mmoja mmoja, akawainua na kuwafanyisha mazoezi, na wengi wakarudi makwao. Kisha vita vikuu vya pili vikaleta uhaba wa vitanda na wauguzi, na wagonjwa wakalazimika kuamka mapema. Madaktari wakaona kuwa hawakudhurika.

Desemba mwaka 1947, Dokta Richard Asher wa hospitali ya Central Middlesex, iliyopo Park Royal katika wilaya ya Brent, ambayo leo inajumuisha pia Kingsbury, alichapisha makala kuhusu hatari za kulala kitandani. Alizitaja kiungo kwa kiungo: damu kuganda miguuni, mapafu kujaa, misuli kunyauka, ngozi kuchubuka hadi vidonda, na moyo wa mtu kukata tamaa.

Mzee ndiye anayepoteza zaidi. Misuli aliyoijenga kwa miaka hupungua kwa siku chache, na kuirudisha huchukua wiki nyingi.

Pole pole, lakini mwendo

Siku hizi katika hospitali za Uingereza, wengi wa waliopasuliwa mgongo husaidiwa kusimama siku ile ile au kesho yake. Hutembea hatua chache mara kadhaa kwa siku, wakiongeza kidogo kidogo. Kwa wiki za mwanzo huzuiwa kunyanyua mizigo na kujipinda kiuno, na muda wa makatazo hayo hutegemea aina ya upasuaji.

Hapo ndipo penye hatari ya pili, hasa kwa mzee mchapakazi: kujiona amepona na kurudia ndoo na jembe la bustani kabla ya wakati. Anayepatwa na homa, usaha kwenye kidonda, uvimbe wa mguu, au anayeshindwa kuzuia haja anapaswa kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Wahenga walisema pole pole ndio mwendo. Kwa mtoto anayemuuguza mzazi wake, maana yake ni kumshika mkono hadi mlangoni, na kesho yake hadi barabarani, badala ya kumwongezea mto kitandani.