Shaba ya Amsterdam na Hesabu ya Miaka 100

Tangu Julai 2012 kuna hesabu inayorudiwa kila jimnastiki ya Uingereza inapotajwa: kwamba timu ya nchi hiyo ilikaa miaka 100 kamili bila medali ya Olimpiki, kutoka Stockholm 1912 hadi London 2012. Watangazaji wanaipenda kwa sababu haina chenji. Kwa wanaume ni sahihi. Kwa nchi nzima si sahihi hata kidogo, kwani inawafuta wanawake 12 waliotoka Amsterdam na shaba mwezi Agosti 1928. Ukame wa timu za Uingereza, kama ni lazima tuuite ukame, ulidumu miaka 84.

Ushahidi haujafichwa popote. Ripoti rasmi ya Olimpiki ya 1928, iliyohaririwa na G. van Rossem, ni kitabu kinene ambacho wengi hukifungua kutafuta habari za riadha na mpira wa miguu. Anayevumilia hadi kwenye jimnastiki ya wanawake hukuta jedwali fupi la nchi tano: Uholanzi 316.75, Italia 289.00, Uingereza 258.25, Hungaria 256.50, Ufaransa 247.50. Kati ya shaba na kurudi nyumbani mikono mitupu palikuwa na pointi 1.75. Nitawataja wote, maana hawatajwi: Annie Broadbent, Lucy Desmond, Margaret Hartley, Amy Jagger, Isabel Judd, Jessie Kite, Marjorie Moreman, Edith Pickles, Ethel Seymour, Ada Smith, Hilda Smith na Doris Woods.

Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana katika jimnastiki ya Olimpiki. Walishindana nje, kwenye uwanja mkuu, na kwa timu tu. Hakukuwa na medali ya mtu mmoja mmoja, jambo ambalo wanawake wangelisubiri hadi Helsinki 1952. Msomaji aliyewahi kuwatazama vijana wa halaiki uwanjani, siku ya Uhuru au ya Muungano, anaweza kupata picha: miili mingi inayoinama na kuinuka kwa pumzi moja, ambapo anayechelewa nusu hatua anaonekana na uwanja mzima. Amsterdam waliongeza vifaa na miruko, na majaji walikaa pembeni wakiandika pointi.

Umri wao ndio unaonivuta zaidi. Luigina Giavotti wa Italia alikuwa hajatimiza miaka 12. Mwenzake Carla Marangoni alikuwa na miaka 12, na aliishi hadi 2018. Upande wa Uingereza Ethel Seymour alikuwa amekwisha kupita miaka 40. Kwa hiyo fedha na shaba za shindano moja zilikwenda kwa mtoto wa umri wa darasa la tano au la sita na kwa mwanamke aliyetosha kuwa mama yake. Sijui mchezo mwingine uliowahi kuwa mpana namna hiyo, na tangu siku ile jimnastiki yenyewe haikuwa pana hivyo tena kwa miongo mingi.

Waliowashinda ni Waholanzi, na habari yao haiwezi kurukwa. Wasichana watano wa timu ile walikuwa Wayahudi, na kocha wao Gerrit Kleerekoper pia. Mwaka 1943 Wanazi walimuua Kleerekoper huko Sobibor, pamoja na Lea Nordheim, Anna Polak na Judikje Simons. Stella Agsteribbe aliuawa Auschwitz mwaka huohuo. Elka de Levie peke yake ndiye aliyenusurika. Kila ninapolisoma lile jedwali la 1928, 316.75 haibaki kuwa tarakimu tu.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba kiangazi hicho cha 1928 wanariadha wanawake wa Uingereza hawakwenda Amsterdam kabisa. Chama chao kilisusa kwa sababu wakubwa wa Olimpiki walikuwa wamewapa wanawake mashindano matano tu ya riadha, kama makombo. Ulikuwa uamuzi wa heshima, na wanahistoria wameupa kurasa zake. Lakini matokeo yake ni kwamba waliobeba jina la wanawake wa Uingereza pale uwanjani ni wanajimnastiki, wakati waogeleaji na wacheza vitara walikuwa wakishindana kwingine. Waliosusa wanakumbukwa kuliko waliokwenda wakarudi na medali. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja.

Wapo wanaojibu kwamba shaba ya 1928 haifai kuhesabiwa kwa kuwa ile haikuwa jimnastiki kama tuijuavyo, na nchi zilizoshiriki zilikuwa tano tu. Hoja hii sina subira nayo. Stockholm 1912, ambako hesabu yao tukufu inaanzia, shaba ya wanaume wa Uingereza ilipatikana katika mfumo ulioitwa wa Ulaya, kwa kikosi cha watu zaidi ya 20, nyuma ya Italia na Hungaria. Nchi zilizoshiriki? Tano. Na tukirudi nyuma zaidi, London 1908, Walter Tysall wa Birmingham alipata medali ya fedha kwa pointi 312 dhidi ya 317 za Mwitalia Alberto Braglia, katika shindano ambalo kupanda kamba kulihesabiwa. Tysall hajawahi kunyang'anywa fedha yake kwa sababu ya kamba. Kipimo kilichowatosha wanaume wa 1908 na 1912 kiwatoshe wanawake wa 1928.

Swali lenye maana zaidi ni kwa nini nchi iliyoanza mapema namna ile ilipotea baadaye. Mwanzo wenyewe unajulikana. Wajerumani waliohamia London walijenga jumba lao la mazoezi karibu na St Pancras, likafunguliwa 1865, na jengo bado lipo ingawa siku hizi watu huingia humo kula. Archibald MacLaren alikuwa na ukumbi wake Oxford, na huko ndiko jeshi lilikopeleka askari 12 kujifunza mwaka 1860. Chama cha taifa kilianzishwa 1888. Vyuma sambamba, pete, chuma cha juu na farasi wa ngozi mwenye vishikio viwili, vyote vilikuwepo.

Kisha ukaja mfumo wa Sweden. Mwaka 1881 bodi ya shule za London ilimwajiri Martina Bergman-Österberg asimamie mazoezi ya wasichana. Alifuata mafunzo ya Per Henrik Ling: mwili unyooshwe kwa mpangilio kwa ajili ya afya, pasiwe na kombe wala majaji. Alifungua chuo chake Hampstead mwaka 1885, akakihamishia Dartford mwaka 1895, na wahitimu wake wakasambaa katika shule za nchi nzima. Mwaka 1909 serikali ilipotoa mwongozo wa mazoezi shuleni, msingi wake ulikuwa Ling.

Waandishi wa michezo humsukumia mama huyu lawama: kwamba aliwafundisha Waingereza kunyoosha mikono wakati Waitalia na Wahungaria wanajifunza kuruka. Mimi namwona tofauti. Aliwatoa wasichana kwenye nguo za kubana mbavu na akawapa ualimu wenye mshahara, wakati milango mingi ilikuwa imefungwa. Ni kweli mfumo wake haukuzaa mabingwa, lakini haukukusudiwa kuzaa mabingwa. Kosa, kama lipo, ni la waliokuja baadaye, walioridhika na somo la shuleni na kuziacha klabu zijitegemee. Nionavyo, wanawake wa 1928 walikuwa zao la makutano yale: ustadi wa kwenda pamoja aliouacha Ling, na hamu ya kushindana iliyotoka kwenye klabu.

Kuanzia hapo hadi miaka ya 1990 msomaji hapotezi mengi akiruka. Mwaka 1948 mashindano yaliyopangwa kufanyika Wembley yalihamishiwa Empress Hall kwa sababu ya mvua, na wenyeji hawakuambulia kitu. Warusi, Wajapani na Waromania waligawana dunia. Neil Thomas alipopata fedha ya dunia sakafuni, Birmingham 1993 kisha Brisbane 1994, watu walishangaa zaidi kuliko kufurahi.

Maelezo ya kawaida ya kilichofuata ni pesa. Atlanta 1996 Uingereza yote, michezo yote, ilipata dhahabu moja na kushika nafasi ya 36. Kuanzia 1997 fedha za bahati nasibu ya taifa zikamwagwa kwa wanamichezo, na medali zikafuata. Haya yana ukweli wake. Yanachosha tu kwa sababu yanamfanya mtu kuwa risiti. Michezo iliyopata fedha ni mingi, ila Beth Tweddle alikuwa mmoja.

Alizaliwa Johannesburg mwaka 1985, akakulia Cheshire na kufanya mazoezi Liverpool chini ya Amanda Reddin. Shaba yake kwenye vyuma viwili vya kimo tofauti, Anaheim 2003, ilikuwa medali ya kwanza ya dunia kwa mwanamke Mwingereza. Aarhus 2006 akawa Mwingereza wa kwanza, mwanamke au mwanamume, kuwa bingwa wa dunia wa jimnastiki. Akaongeza dhahabu ya sakafuni mbele ya watu wake London 2009, na ya vyuma Rotterdam 2010. Beijing 2008 alikuwa wa nne, nyuma ya shaba kwa pointi 0.025. Alisubiri miaka minne mingine, na London 2012, akiwa na miaka 27 katika mchezo uliokuwa umezoea kuwastaafisha wasichana wakiwa na 18, alipata 15.916 na shaba. Hiyo ni medali ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke Mwingereza katika shindano la jimnastiki la mtu mmoja mmoja.

Beijing hiyohiyo Louis Smith alikuwa amepata shaba ya farasi, medali ya kwanza ya mtu binafsi tangu ya Tysall miaka 100 kabla. Hapo ndipo karne inapokaa mahali pake. London alifungana na Mhungaria Krisztián Berki kwa 16.066, kisha akapewa fedha kwa kuwa Berki alikuwa na alama kubwa ya utekelezaji, 9.166 kwa 9.066. Smith alikuwa amechagua zoezi gumu zaidi. Kanuni ni kanuni.

Usiku wa timu, tarehe 30 Julai, unasimuliwa kama wizi. Smith, Max Whitlock, Daniel Purvis, Sam Oldham na Kristian Thomas walikwisha kuonekana ubaoni kwenye nafasi ya pili. Japani ikakata rufaa kuhusu namna Kohei Uchimura alivyoshuka kwenye farasi, majaji wakatazama upya na kumrudishia 0.7, na Japani ikapanda kutoka nafasi ya nne hadi ya pili kwa 271.952. Uingereza ikabaki na 271.711. Simlilii Mwingereza hapa. Aliyeumia ni Ukraine, aliyekuwa ameshika shaba kwa 271.526 akabaki bila kitu.

Whitlock ndiye aliyevuna zaidi. Rio, tarehe 14 Agosti 2016, alipata dhahabu ya sakafuni, ya kwanza katika historia ya jimnastiki ya Uingereza, na alasiri hiyohiyo ya pili kwenye farasi, Smith akiwa wa pili nyuma yake. Tokyo akaitetea ya farasi. Medali sita za Olimpiki kwa jumla, na dhahabu tatu za dunia. Habari zake zimeandikwa kila mahali, sina la kuongeza.

Lisiloandikwa vya kutosha ni gharama. Mwaka 2020 wanajimnastiki wa Uingereza walianza kusema hadharani waliyotendewa utotoni. Uchunguzi wa wakili Anne Whyte, uliotolewa Juni 2022 baada ya kupokea maelezo zaidi ya 400, ulieleza watoto waliodhalilishwa kwa uzito wao, walionyimwa maji au ruhusa ya kwenda chooni, waliofanyishwa mazoezi wakiwa na majeraha. Anayetaka kuorodhesha medali za miaka hiyo aiweke ripoti ile mezani pia.

Katikati ya kelele hizo, Julai 2021 huko Tokyo, pacha Jessica na Jennifer Gadirova, wenye miaka 16, pamoja na Alice Kinsella na Amelie Morgan, walipata 164.096 na kuipita Italia kwa chini ya nusu pointi. Shaba ya timu. Ghafla magazeti yakagundua kwamba ni ya kwanza kwa wanawake tangu 1928, na kwa siku mbili tatu wale 12 wakapata kutajwa, kwa idadi, bila majina. Mwaka uliofuata Liverpool ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia: wanawake wakachukua fedha ya timu, Jessica dhahabu ya sakafuni, na Giarnni Regini-Moran dhahabu kama hiyo upande wa wanaume.

Paris 2024 timu zote mbili zilikuwa za nne. Jake Jarman alipata shaba ya sakafuni na Harry Hepworth ya mruko. Dhahabu pekee ya jimnastiki ya Uingereza ilitoka kwenye trampolini, ambayo shirikisho la dunia linaisimamia na Olimpiki inaihesabu humo tangu Sydney 2000. Bryony Page alikuwa na fedha ya Rio na shaba ya Tokyo. Tarehe 2 Agosti akawa mwanamke Mwingereza wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki ya jimnastiki. Alikuwa na miaka 33.