Neno Lililomshinda Msemaji: Kinjeketile kati ya Historia na Tanzia

Wanahistoria wengi humwandika Kinjikitile. Ebrahim Hussein alimwandika Kinjeketile. Tofauti ni irabu mbili tu, na asomaye kwa haraka hatazihisi. Lakini ndani ya irabu hizo mna suali zito: mtunzi ana haki gani juu ya mtu aliyeishi kweli na kuuawa kweli, ambaye kifo chake kingali kinakumbukwa na wajukuu wa waliokishuhudia?

Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, upande wa milima ya Umatumbi, kusini ya mto Rufiji. Mapokeo ya wazee yanasema kwamba mwaka 1904 alipandwa na pepo Hongo, akavutwa hadi ndani ya maji, na siku ya pili akatoka akiwa mkavu. Akawapa watu maji ya dawa, akawaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu walimiminika Ngarambe kutoka kila upande, kwani walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko vya maakida na kulimishwa pamba kwa nguvu. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. Mwanzoni mwa Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Mwenye neno alikufa vita vikiwa bado vichanga, lakini neno lake lilikwenda mbele bila yeye: likafika Mahenge, ambako tarehe 30 Agosti watu waliikabili bunduki ya rashasha, likafika Ungoni. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1907, watu waliokufa kwa risasi, na zaidi kwa njaa iliyofuata baada ya vyakula kuchomwa, wamekadiriwa na wanahistoria wengine kufikia laki tatu.

Suali la mtunzi na historia halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1825 Alexander Pushkin, mshairi wa Urusi ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, aliandika tamthilia ya mfalme Boris Godunov. Modest Mussorgsky akaigeuza opera, yaani mchezo wa kuimbwa, iliyoonyeshwa kamili mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1874. Mtoto wa kifalme Dmitri alikutwa amekufa huko Uglich mwaka 1591, koo limekatwa. Boris alitawazwa mwaka 1598. Kisha akazuka kijana akidai kwamba yeye ndiye Dmitri, hakufa. Boris akafariki mwaka 1605, na mwanawe akauawa baada ya majuma machache. Pushkin aliifuata kauli ya mwanahistoria Karamzin kwamba Boris ndiye aliyemuua mtoto, ingawa uchunguzi wa wakati ule ulisema ni ajali, na wanahistoria wengi wa baadaye wameitilia shaka tuhuma hiyo. Hivyo jukwaani Boris hubeba damu ambayo pengine si yake.

Zitazameni sasa hadithi hizi mbili kwa pamoja. Huko Urusi jina la mtoto aliyekwisha kuzikwa liliuangusha utawala. Huku kwetu neno la maji liliwaunganisha watu ambao jana yake hawakuwa wakiaminiana. Katika zote mbili nguvu imo katika neno, na neno halina mwili wa kupigwa risasi. Mussorgsky alilifahamu hilo. Opera yake ya mwanzo, aliyoimaliza mwaka 1869, ilikoma kwa kifo cha mfalme. Wakuu wa michezo walipoikataa aliiandika upya, akaufunga mchezo mwituni: umma unamfuata mdai kiti, na majnuni wa Mungu anabaki peke yake akiililia nchi. Tanzia ikatoka kwa mfalme ikawa ya watu.

Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini, aliitoa Kinjeketile mwaka 1969. Katika utangulizi wake alisema wazi kwamba mtu wake ni kiumbe wa sanaa, anafanana na yule wa historia, lakini si yeye. Kinjeketile wa jukwaani hanyongwi mwanzoni mwa vita. Anaishi aone. Anataka watu waungane na wajifunze vita kwanza. Watu wameshalipokea neno na hawamngoji. Kisha shaka inamwingia yeye mwenyewe.

Chanzo cha shaka hiyo ni jambo ambalo msomaji wa Visiwani hawezi kulipita bila ya kusimama. Akiwa amepandwa, Kinjeketile anatamka kwamba watu wakishamtoa Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Maneno ya namna hiyo yamo pia katika mapokeo ya wazee wa Umatumbi. Seyyid Said alikufa mwaka 1856. Kwa watu wa bara mwaka 1905 jina lake pengine lilikuwa kumbukumbu tu ya zama kabla ya Mjerumani. Lakini Hussein anamfanya Kinjeketile azinduke na kushtuka: je, tumwage damu ili tubadilishe bwana? Suali hili la mwaka 1905 liliandikwa miaka minane baada ya Uhuru wa Tanganyika na mitano baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Hakuna msomaji wa wakati ule aliyehitaji kufafanuliwa.

Wapo wanaoweza kulalamika kwamba mtunzi amemdhulumu marehemu. Wazee waliohojiwa kusini katika miaka ya sitini, katika utafiti wa Gilbert Gwassa na wenzake, walimkumbuka mtu wa imani. Ni nani aliyempa Hussein ruhusa ya kumtia shaka? Tena tunayo kauli ya mtu wa zama zenyewe: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia vita hivyo utenzi, uliochapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957. Mtunzi wa utenzi husimulia lililotokea, na hukumu huiweka nje, kwa sauti yake mwenyewe. Tanzia huiingiza hukumu kifuani mwa mtu mmoja, imle.

Hata hivyo naona Hussein alikuwa na haki, na haki yake ni kubwa kuliko ya Pushkin. Pushkin alimtwisha Boris dhambi ili tamthilia ipate uzito. Hussein alimtwisha Kinjeketile suali ambalo sisi tuliobaki tulikuwa tunalikwepa. Ikiwa maji hayakuzuia risasi, je, waliokufa walikuwa wajinga? Mwishoni, akiwa mfungwa, Kinjeketile anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa akilitamka hilo vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba na kupigania nchi kulikuwa kosa. Hapo tanzia inapambanua mambo mawili ambayo mshindi alitaka yabaki kitu kimoja: ukweli wa dawa na haki ya vita. La kwanza lilishindwa Mahenge. La pili hakuna rashasha iliyolifikia.

Maji ya Ngarambe hayakufika kila mahali. Kaniha, katika Biharamulo, kaskazini-magharibi kabisa ya nchi, ni mbali mno na Umatumbi, ingawa Mjerumani alijenga boma lake na huko Biharamulo. Mzee wa Kaniha hakurithi kwa babu yake simulizi ya Hongo. Ikiwa leo mjukuu wake anamjua mtu wa Ngarambe, anamjua kwa kitabu, na mara nyingi kwa tahajia ya mtunzi. Irabu mbili za Hussein zimesafiri hadi kwenye nchi ambazo neno la Kinjikitile halikuzifikia.