Majina Yanayobebwa kwa Baiskeli

Katika historia ya mataifa, askari aliyeanguka vitani hujengewa mnara mapema. Mhudumu wa gari la wagonjwa aliyekufa akimkimbilia mtu asiyemjua husubiri sana. Huko Marekani alisubiri mpaka mwaka 1993, na mji ulioanza kumkumbuka kwa ibada ya kila mwaka haukuwa Washington wala New York, bali Roanoke, mji wa reli katika bonde la Virginia.

Kwa nini Roanoke? Habari yenyewe inaanza na mtoto. Mwaka 1909 mvulana wa miaka tisa, Julian Wise, aliona watu wawili wakizama katika mto unaopita mjini hapo, na waliosimama ukingoni wasiweze kuwaokoa. Aliondoka na nia moja moyoni. Mwaka 1928, akiwa mfanyakazi wa reli, aliwakusanya wenzake wachache, wakaunda kikosi cha uokoaji na huduma ya kwanza cha watu wa kujitolea, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha namna hiyo nchini mwao. Kati ya kuona na kutenda ilipita miaka 19. (Tunaitaja hesabu hiyo kwa ajili ya vikundi vyetu, ambavyo mara nyingi hukata tamaa baada ya mkutano wa pili.)

Huduma hiyo ilienea nchini kote, na kwa kadiri ilivyokua, wafu wake waliongezeka: waliogongwa barabarani wakimhudumia majeruhi, walioanguka na helikopta za wagonjwa, waliosimama moyo wakiwa kazini. Katika ibada ya Roanoke, kila familia ilipewa medali, bendera na waridi jeupe, na jina la marehemu likaandikwa juu ya jani la mwaloni.

Kisha ikaja tarehe 11 Septemba 2001. Kikosi cha zimamoto cha New York kilipoteza watu 343, miongoni mwao wahudumu wa dharura wawili na kasisi wa kikosi, Padri Mychal Judge, Mfransisko. Lakini walikufa pia wahudumu wengine wanane wa magari ya wagonjwa, wasiokuwa wa kikosi hicho. Ulimwengu ulililia zimamoto, na ulikuwa na haki ya kulia. Wale wanane hawakutajwa sana.

Mwaka uliofuata, 2002, baadhi ya wahudumu wa dharura walipanda baiskeli, wakaifuata njia ndefu ya kwenda Roanoke ili kuwakumbuka wenzao. Safari hiyo imeendelea tangu hapo, hata baada ya ibada yenyewe kuhamia miji mingine, na njia zimeongezeka katika majimbo mengine. Hufanyika kwa siku kadhaa, na si mashindano: hakuna mshindi wala zawadi. Wasafiri hubeba vibati vidogo vyenye majina ya marehemu, na safari inapokwisha, vibati hivyo hukabidhiwa kwa familia.

Tumejiuliza kwa nini baiskeli, wakati watu hao wana magari ya kasi kuliko yote barabarani. Tunadhani jibu liko katika kasi yenyewe. Mhudumu wa dharura huishi kwa dakika. Akifika amechelewa, mgonjwa amekufa. Kwa wenzake waliokufa hakuna tena haraka. Basi huwapelekea heshima kwa miguu yake, mlima baada ya mlima, akinyeshewa na mvua, na jina la mtu mmoja kifuani. Anayesukuma kinga yenye magunia ya makala mpaka Lubumbashi anaelewa jambo hili bila kufafanuliwa: mzigo unaoubeba kwa mwili wako mwenyewe huusahau kwa shida.

Nasi tuna majina ya kubeba. Mwaka 1995, Ebola ilipoingia Kikwit, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 315, na karibu robo yao walikuwa watumishi wa afya. Masista sita wa Maskini wa Bergamo walifariki kati ya tarehe 25 Aprili na 28 Mei: Floralba, Clarangela, Danielangela, Dinarosa, Annelvira na Vitarosa. Mwaka 2021 Kanisa lilitambua fadhila zao za kishujaa, na tunafurahi kwamba wanajulikana. Lakini wauguzi wa Kikongo waliougua katika wodi zile zile, ni nani kati yetu anayeweza kutaja hata watatu?

Hali ni hiyo hiyo huku mashariki. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, mtumishi wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha walipoivamia hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Jina lake lilisomwa duniani kote. Katika mlipuko huo, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, watumishi wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa, wengi wao wakiwa wana wa vijiji na mitaa yetu. Hao hutajwa kwa tarakimu.

Kutoka Mangina, ambako mlipuko ulianza kutambuliwa, kupitia Beni hadi Butembo, ni njia ambayo kijana mwenye kinga nzima angeweza kuimaliza, kama barabara ingekuwa salama. Leo haiko salama, wala hatumwombi mtu yeyote aijaribu. Hata hivyo, safari ya Marekani haikuanza barabarani. Miaka tisa kabla yake kulikuwa tayari na majina yaliyoandikwa. Vitabu vya marehemu vimo katika ofisi za parokia zetu, wajane na yatima wamo katika jumuiya zetu, na wauguzi wazee wangali wanakumbuka nani alikuwa zamu usiku upi. Daftari moja na kalamu vinatosha kuanza kuuliza.